Mzigo Uliofungwa: Njia ya Misafara, Puge na Hesabu ya Maneno

Siku hizi hoja nyingi za kisiasa na za kitaaluma hutujia zikiwa zimevaa vazi la tarakimu. Mwanafunzi wa uzamili huandika kwamba neno "wanawake" limetajwa mara kadhaa katika Taarifa Rasmi za Bunge za muongo fulani, na kutokana na idadi hiyo hutoa hukumu juu ya sera. Mwanaharakati hupakua hotuba za bajeti za wizara moja, huhesabu maneno yake, kisha huonyesha kwamba neno "wafugaji" linapungua mwaka hadi mwaka. Mtumishi wa umma hutakiwa kueleza ukubwa wa kumbukumbu za idara yake, naye hujibu kwa kutaja idadi ya mafaili na nafasi yanayochukua ndani ya kompyuta. Wote watatu wanafanya kazi halali. Hata hivyo, wote watatu wanadaiwa jibu la swali moja ambalo ni nadra kuulizwa: je, kilichohesabiwa ndicho kilichokuwemo?

Swali hili limepata uzito mpya kwa sababu nyaraka nyingi hazitufikii zikiwa wazi. Hutufikia zikiwa zimekusanywa kwa mamia na kushindiliwa ndani ya faili moja lililobanwa, lile ambalo watumiaji wa kompyuta huliita zipu. Aliyelipokea huona jina moja na ukubwa mmoja. Ndani yake mna maelfu ya kurasa.

Hoja ninayoileta katika makala haya ni kwamba tatizo hili lina mzee wake katika historia yetu. Watu wa njia kuu ya misafara, kutoka pwani hadi Tabora na kwingineko, walilijua vema, maana biashara yao yote ilisafiri ndani ya mizigo iliyofungwa. Tukiitazama njia ile kwa makini, tutaelewa kwa nini hesabu ya maneno inaweza kuwa ushahidi mzuri, na kwa nini inaweza pia kuwa dhuluma.

Mtumba

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulibeba zaidi vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kitambaa kilichotawala soko kilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Jina lake linatangaza asili yake. Kulikuwa pia na kaniki, kitambaa cheusi kilichopakwa nili. Kitambaa kilipimwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka mbili.

Bidhaa hizo hazikubebwa ovyo. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871, alieleza katika kitabu chake cha mwaka uliofuata jinsi vitambaa vilivyokunjwa, vikafungwa kwa kamba na kushindiliwa kwa nguvu hadi furushi likawa gumu kama gogo. Huo ndio mtumba. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na ulipaswa kukaa begani kwa majuma mengi bila kufumuka. Neno lenyewe halijafa: nguo tunazonunua leo sokoni zinaitwa mitumba kwa sababu ya furushi lililozileta.

Mkuu wa msafara aliweza kuhesabu mitumba yake kila jioni kambini. Hesabu hiyo ilimweleza kama kuna mpagazi aliyetoroka na mzigo. Haikumweleza zaidi ya hapo. Mitumba miwili yenye uzito sawa ingeweza kuwa na mali zisizolingana hata kidogo: mmoja merikani safi, mwingine kaniki iliyoloa maji mtoni ikaanza kuoza. Mizigo ya shanga ilikuwa na hatari zaidi, kwa kuwa kila nchi ilipenda aina yake, na ushanga uliokubaliwa kwa furaha mahali pamoja ungekataliwa kabisa mahali pengine. Ndiyo maana yule mwenye mali aliyekuwa makini aliandika orodha huko pwani kabla ya kufunga, naye alijua kwamba ukweli wa orodha ungethibitika siku ya kufungua, pale mtawala wa Ugogo alipodai hongo yake kwa doti na si kwa mafurushi.

Kinachotokea ndani ya faili

Faili lililobanwa ni mtumba wa zama hizi, na ufanano wake na ule wa zamani si wa juu juu. Ubanaji wake unategemea marudio. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walichapisha njia ambayo msingi wake ni rahisi kueleza: mfuatano wa herufi ukishaandikwa mara moja, hauna haja ya kuandikwa tena, mahali pake huwekwa kielekezi kifupi kinachosema "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa." Njia hiyo huunganishwa na nyingine iliyobuniwa na David Huffman mwaka 1952, ambayo huvipa vipashio vinavyotumika sana alama fupi na vile adimu alama ndefu. Mwaka 1989 Mmarekani Phil Katz aliutoa muundo wa zipu, na ulimwengu ukaupokea.

Chukua mfano wa Taarifa Rasmi za Bunge letu. Maneno "Mheshimiwa Spika" hufungua aya baada ya aya, siku baada ya siku. Katika karatasi ni maneno mawili kila yanapotokea. Ndani ya faili lililobanwa, baada ya kutokea mara ya kwanza, hubaki vielekezi tu kwa sehemu kubwa. Vivyo hivyo barua zetu za ofisini: "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu," "Nashukuru kwa ushirikiano wako." Kadiri mwandishi anavyojirudia, ndivyo mzigo wake unavyoshindiliwa ukawa mdogo. Kwa hiyo mafaili mawili yaliyobanwa yenye ukubwa sawa yanaweza kuwa na idadi ya maneno iliyoachana mbali sana, na lililo dogo linaweza kuwa na maneno mengi kuliko lililo kubwa.

Anayejaribu kuhesabu maneno ya faili likiwa bado limefungwa hapati jibu pungufu; hupata jibu lisilo na maana. Amri ya kompyuta iitwayo wc, ambayo imekuwapo katika mfumo wa Unix tangu mwaka 1971, huhesabu neno kwa kutazama nafasi tupu kati ya mkusanyiko mmoja wa herufi na mwingine. Ndani ya faili lililobanwa nafasi hizo zimekwisha kugeuzwa alama. Amri itatoa tarakimu, nayo itaonekana safi kabisa kwenye jedwali la ripoti.

Zipu huwa na orodha ya yaliyomo mwishoni mwake, yenye jina la kila hati na ukubwa wake wa asili. Orodha hiyo husomeka bila kufungua mzigo wote, nayo inasaidia. Lakini hapa pana mtego wa pili. Hati za kawaida za ofisini zenye mkia wa docx, zilizoenea tangu mwaka 2007, zenyewe ni mafaili ya zipu: ukizifungua unakuta maandishi yamechanganyika na maelekezo ya aina ya herufi, pambizo na jedwali. Ni mtumba ndani ya mtumba. Mtu aliyefungua wa nje akasahau wa ndani amehesabu kamba badala ya kitambaa. Na aliyefungua wote wawili bila kuondoa maelekezo hayo amehesabu kamba pamoja na kitambaa.

Mtego wa tatu watumishi wa umma wataufahamu mara moja. Katika folda moja hukaa hati tatu: "Hotuba", "Hotuba ya mwisho" na "Hotuba ya mwisho kabisa". Zikihesabiwa zote, Waziri atakuwa amesema mara tatu jambo alilolisema mara moja.

Neno ni nini?

Tuseme mitumba yote imefunguliwa vizuri. Bado tunapaswa kukubaliana juu ya kipimo, kama vile wafanyabiashara walivyopaswa kukubaliana juu ya urefu wa shuka.

Wanazuoni wa Kiislamu walikutana na suala hili mapema sana. Tangu karne za mwanzo za Uislamu walihesabu maneno na herufi za Qurani ili kuilinda isiongezwe wala isipunguzwe. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni maneno 77,439, ila zipo nyingine zinazotofautiana nayo kidogo. Tofauti haikutokana na maandiko tofauti. Ilitokana na uamuzi wa kila mhesabuji kuhusu viambishi na viunganishi: je, kinachoshikamana na neno ni neno jingine au ni sehemu ya lile lile?

Kiswahili kinalikuza swali hilo. "Sitakuandikia" ni neno moja kwetu. Mwingereza hulisema kwa maneno sita. Mtu anayelinganisha ripoti ya Kiswahili na tafsiri yake ya Kiingereza, akaona ya Kiswahili ina maneno machache, akahitimisha kwamba ina habari chache, amelinganisha doti na shuka. Aidha, "kwa hiyo" huandikwa na wengine kama maneno mawili na wengine huliandika kama neno moja, na hesabu hubadilika bila maana kubadilika.

Kuna mfano unaogusa moja kwa moja nchi ya wafugaji kama Nzega. Programu nyingi zilizotungwa kwa ajili ya lugha nyingine huiona alama ya ritifaa kama mpaka wa neno. Zikifika kwenye "ng'ombe", hulikata vipande viwili, "ng" na "ombe", na mnyama mwenyewe hutoweka katika hesabu. Hata programu isiyokata inaweza kuhesabu maneno mawili tofauti pale ritifaa inapokuwa imenyooka katika hati moja na kupinda katika nyingine. Mtafiti atakayeandika kwamba mifugo haitajwi katika mipango ya wilaya anapaswa kwanza kuangalia kama si yeye aliyewachinja ng'ombe hao kwa ritifaa.

Vitenzi navyo hutawanyika. "Alibeba", "walibeba", "wakabeba" na "hubeba" huhesabiwa kama maneno manne yasiyo na udugu, hata kitendo kilichoijenga njia nzima ya misafara kikaonekana adimu. Ndiyo sababu Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia miaka mingi kujenga mfumo wa kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25. Ni hazina kubwa, nasi tunapaswa kuishukuru. Lakini ni hazina iliyokusanywa kutoka magazetini, vitabuni na bungeni. Lugha ya kambi, ya kilinge na ya mkutano wa kijiji iko nje ya mtumba huo.

Kilichobaki nje

Tabora inatufundisha mengi juu ya kilichobaki nje. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake aliishi karibu na Tabora na aliyeshiriki katika siasa na vita vya Unyanyembe, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kwa sababu hiyo leo maneno yake yanahesabika. Barua za Kiswahili za zama zile ambazo hazikupata mtu wa kuzigeuza zinaweza kupigwa picha, zikatiwa ndani ya zipu na kuhifadhiwa vizuri sana. Kompyuta itasema zina maneno sifuri. Picha ya maandishi si maandishi kwa anayehesabu, na sheria hiyo inaihusu pia barua ya jana iliyopigwa chapa, ikagongwa muhuri, kisha ikapitishwa kwenye skana.

Kisha kuna kumbukumbu zilizozikwa, na hapa sisemi kwa mafumbo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia utawala wa Wajerumani ulihamishia makao yake Tabora. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Charles Tombeur yalipokaribia, na hatimaye kuuteka mji tarehe 19 Septemba 1916, sehemu ya mafaili ya serikali ilikuwa imefukiwa ardhini. Baada ya vita yalifukuliwa chini ya utawala wa Waingereza, na masalia ya kumbukumbu za Wajerumani leo yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Fikiria mwanahistoria ambaye angehesabu maneno ya utawala ule kabla ya kufukuliwa kwa mafaili hayo. Hesabu yake ingekuwa sahihi kwa karatasi alizokuwa nazo, na ya kupotosha kwa historia aliyodai kuieleza. Leo hatuziki karatasi ardhini. Tunafunga mafaili kwa neno la siri, kisha ofisa aliyelijua huhamishwa au hustaafu. Mchanga umebadilika, kaburi ni lile lile.

Wapo pia ambao hawakuwahi kuingia kwenye karatasi. Vitabu vya wasafiri vina majina ya Sidi Mubarak Bombay, Susi na Chuma, kwa kuwa waliwatumikia Wazungu mashuhuri. Maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi wamo kama idadi tu. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi, ameonyesha kwamba wanawake walisafiri na misafara hiyo wakibeba vyombo na chakula na kuendesha maisha ya kambi. Katika orodha za malipo ni nadra kuwaona. Asiyeandikwa hawezi kuhesabiwa, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani.

Puge kama kistari

Puge ni kata ya Wilaya ya Nzega, kwenye barabara inayotoka Tabora kwenda kaskazini. Mwaka 1858 John Hanning Speke alipoondoka Tabora akielekea kwenye ziwa kubwa la kaskazini, aliipita nchi ya upande huo. Kwa msafiri wa aina yake mahali palikuwa kambi: pana maji au hapana, chakula ni ghali au ni rahisi, mtawala anadai kiasi gani. Mahali palipewa maana na safari ya mpita njia.

Sasa njoo katika zama zetu. Serikali ilipojenga kwa lami barabara ya Nzega hadi Tabora, iligawa kazi katika sehemu mbili: Nzega – Puge, kilomita 58.8, na Puge – Tabora, kilomita 56.1. Kwa sababu hiyo jina la Puge liliingia katika hotuba za bajeti za wizara ya ujenzi na katika mijadala ya Bunge. Mtafiti atakayeyafungua mafaili hayo yote na kulitafuta neno "Puge" atalipata. Atalikuta limesimama kati ya vistari viwili, likiwa mwisho wa mkataba mmoja na mwanzo wa mwingine.

Barabara hiyo ni jambo jema, na anayekumbuka vumbi la zamani hawezi kuibeza. Lakini hebu tuone hesabu imetufanyia nini. Idadi ya kutajwa kwa Puge inaweza kupanda sana katika miaka ya ujenzi na kushuka ujenzi unapokamilika, na mchambuzi wa mbali akahitimisha kwamba serikali iliijali Puge kisha ikaisahau. Watu wa Puge, wakulima na wafugaji, hawamo katika upandaji wala katika ushukaji huo. Karne moja na nusu baada ya Speke, karatasi bado zinaiona Puge kwa macho ya mpita njia.

Je, maneno ya Puge yenyewe yako wapi? Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, vijiji vyetu vina mikutano mikuu na halmashauri zake. Mikutano hiyo huandikiwa mihtasari. Katika vijiji vingi mihtasari hiyo imeandikwa kwa kalamu katika kaunta buku zilizokaa kabatini, na humo ndimo unapokuta mgogoro wa malisho, mchango wa darasa, malalamiko ya kisima. Hakuna zipu iliyoyabeba hayo. Katika zama ambazo mitambo ya lugha inafunzwa kwa maneno yaliyokusanywa, na ukubwa wa lugha na wa jamii unapimwa kwa wingi wa maandishi yake, kaunta buku hizo zina uzito wa sifuri.

Wajibu wa mhesabuji

Sisemi tuache kuhesabu. Tarakimu imewasaidia wanaharakati kuwabana wenye mamlaka mahali ambapo maneno matupu yalishindwa. Ninachosema ni kwamba kila hesabu ya maneno iambatane na orodha ya mzigo, kama ile iliyoandikwa Bagamoyo kabla ya kufunga.

Mwanafunzi aeleze alipokea mafaili mangapi, yaliyofunguka ni mangapi, yaliyogoma ni mangapi, na picha zisizo na maandishi zilikuwa ngapi. Aeleze amehesabu nini kama neno, ritifaa ameifanyaje, nakala zilizojirudia ameziondoaje. Tarakimu isiyo na maelezo hayo isipewe alama, hata ikiwa na chati ya rangi.

Mwanaharakati asiishie kuuliza neno limetajwa mara ngapi. Aende hadi kwenye sentensi alimo. "Puge" ndani ya mkataba wa barabara na "Puge" katika kinywa cha mkazi wake ni maneno mawili yenye herufi zile zile.

Mtumishi wa umma ndiye aliyeshika ufunguo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inamtaka atunze kumbukumbu, na kutunza si kufunga tu. Ahifadhi hati katika maandishi yanayosomeka badala ya picha pekee. Aziweke wazi nakala za mwisho na kuziondoa za rasimu. Neno la siri likabidhiwe kwa maandishi pamoja na ofisi. Na wakati wilaya inapopanga bajeti ya kompyuta na mashine za kunakili, itenge siku chache na mtu mmoja wa kuketi na kaunta buku za vijiji, kuanzia na zile zilizokwisha kuanza kuliwa na mchwa.